UZI: Niwaijiri, walea maua wa vichochoro vya Tokyo (na namna ya kuotesha asagao)

MtaaWaIriya ameandika:

Habari zenu wanajamvi.

Kila nikifungua jukwaa hili la kilimo nakutana na hesabu: ekari ngapi, gunia ngapi, faida kiasi gani. Ni mada nzuri na zimenisaidia. Leo naomba tukae upande mwingine wa jembe, kwa yule anayeshika udongo kwa sababu anapenda kuushika. Wajapani wanaiita niwaijiri: kushughulika na bustani taratibu, bila haraka na bila soko. Unang'oa gugu hapa, unatoa jani bovu pale, unasogeza chungu kifuate jua, unasimama, unaangalia, unarudi ndani.

Naishi Taito, mashariki mwa Tokyo, mitaa ya zamani ya watu wa kawaida. Msifikirie zile bustani za kwenye kalenda zenye bwawa na daraja jekundu. Huku nyumba zimebanana, mlango unafunguka moja kwa moja njiani, na kichochoro chenyewe baiskeli mbili zikikutana mmoja lazima ashuke. Ardhi ya kupanda haipo. Lakini pita vichochoro vya Negishi, Yanaka, Tsukishima au Kyojima uone: mbele ya milango kumepangwa vyungu, safu kwa safu. Vingine vya dukani, vingine ndoo zilizochakaa, vingine ni yale maboksi meupe ya foumu ya kubebea samaki na barafu, yametobolewa chini na kujazwa udongo. Humo mna waridi, mna bilinganya, mna mlimau wa kimo cha mtoto, mna pilipili. Hakuna geti wala uzio. Vyungu vinalala njiani na asubuhi vipo.

Nilichokuja kusema ni kimoja. Tumezoea kuamini kwamba maua ni mambo ya wenye nafasi, wenye nyumba za geti na mtunza bustani wa kulipwa. Historia ya mji huu inasema vingine. Ufundi wa maua uliowashangaza hata wanasayansi ulikuzwa hapa na watu wa vyumba vya kupanga, mabwana miche wadogo, na askari wa daraja la chini ambao posho haikuwafikisha mwisho wa mwezi. Ushahidi wangu ni ua moja, asagao.

Asagao kwa jina la kitaalamu ni Ipomoea nil. Ni ukoo mmoja na kiazi kitamu, kwa hiyo aliyewahi kuona ua la matembele analijua tayari umbo lake. Linafunguka alfajiri, jua likipanda linajikunja, mchana limekwisha. Kesho yake yanafunguka mengine. Mmea huu uliletwa Japani kutoka China katika zama za Nara, karne ya 8, na haukuletwa kwa uzuri. Ulikuwa dawa: mbegu zake zinaendesha tumbo vibaya sana (wenye watoto shikeni hilo, nitalirudia).

Ruka hadi zama za Edo, Tokyo ya sasa ilipokuwa inaitwa Edo. Mwaka 1806 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Upande wa Shitaya, ambao leo uko ndani ya hii Taito yangu, viwanja vilibaki vitupu, na watu wa vitalu wakavipanda asagao. Katika kupanda mbegu nyingi namna ile, vikaanza kuonekana vioja: jani limejisokota, ua limechanika nyuzi nyuzi, ua limezaa ua jingine katikati yake, shina limekuwa bapa. Badala ya kuving'oa, wakavitunza. Mji mzima ukashikwa. Wimbi la kwanza lilidumu hadi miaka ya 1820, la pili likaja kati ya 1848 na 1860. Yalifanyika mashindano, vikachapishwa vitabu vya picha vya asagao za ajabu, na kimojawapo cha mwaka 1854 kina maua thelathini na sita yaliyochaguliwa, ukiyatazama hutaamini yote ni mmea mmoja.

Kuna kituo cha treni hapa karibu kinaitwa Okachimachi, maana yake mtaa wa askari wa miguu. Wale askari walikuwa samurai kwa jina, lakini samurai wa ngazi ya chini kabisa. Viwanja vyao vilikuwa na nafasi kidogo nyuma ya nyumba, na wengi wao wakaotesha asagao wakauza miche kuongezea kipato. Baadaye kazi hiyo ikahamia Iriya, mtaa mwingine wa humu Taito, kwa watu wa vitalu.

Sasa sikilizeni sehemu inayonifanya nivue kofia. Vile vioja vizuri zaidi havizai mbegu. Stameni, yaani sehemu za kiume za ua, zimegeuka kuwa majani ya ua, au ua limevurugika kiasi kwamba uchavushaji hauwezekani. Kwa hesabu ya kawaida kizazi kinaishia hapo. Wale watu waligundua kwamba ndugu zake, miche ya kawaida isiyo na uzuri wowote iliyotoka kwenye mbegu za mama mmoja, baadhi yao wamebeba ule urithi ndani bila kuuonyesha. Wakawa wanatunza mbegu za ndugu hao, kila mmoja kwenye pakiti yake. Mwaka unaofuata, ukipanda mbegu za ndugu aliyebeba, kama robo ya miche inatoka na ule uzuri. Hii walikuwa wanaifanya kwa macho na daftari, kabla Mendel, yule mtawa anayeitwa baba wa elimu ya urithi, hajachapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866. Na walikuwa wanachagua miche ikiwa bado na yale majani mawili ya kwanza tu, kwa kusoma umbo lake.

Sayansi ilikuja kueleza baadaye. Ndani ya asagao kuna vipande vya DNA vinavyohamahama, transposoni, vikitua kwenye jeni vinaivuruga, na hapo ndipo rangi na maumbo yanapobadilika. Chuo Kikuu cha Kyushu kinatunza hazina kubwa ya aina za asagao, na jenomu yake, yaani ramani nzima ya urithi wake, ilichapishwa mwaka 2016. Aina nyingi wanazofanyia utafiti ni zile zile zilizopokezanwa mkono kwa mkono na wapenzi wa maua.

Mskoti mmoja, Robert Fortune, aliyekuwa akitafuta mimea kwa ajili ya wauza miche wa Uingereza, alifika Edo mwaka 1860. Alitembelea kijiji cha Somei, kilichokuwa vitalu vitupu, na akapita mitaa ya watu wa chini. Katika kitabu chake cha 1863 aliandika kwamba ikiwa kupenda maua ni kipimo cha ustaarabu, basi watu wa tabaka la chini wa Japani wanawashinda wenzao wa kwao. Namwamini, kwa sababu vichochoro bado vinasema hivyo hivyo.

Karibuni. Mwenye swali aulize, nitarudi na namna ya kuotesha.

---

FundiBomba_Mbagala ameandika:

Mkuu uzi mzuri, nimesoma wote. Ila nikuulize kwa nia njema. Mimi ni mpangaji, chumba kimoja na uwani wa kuchangia wapangaji sita. Mwenye nyumba akiamua leo nihame, nahama. Na ua haliliwi. Mtu wa hali yangu anaanzaje kulea ua?

---

MtaaWaIriya ameandika:

FundiBomba, swali lako ndilo hasa nilitaka liulizwe.

Watu wa kawaida wa Edo walikuwa wapangaji karibu wote. Walikaa nagaya, yaani jengo moja refu la mbao lililogawanywa vyumba. Chumba cha kawaida kilikuwa kama mita 2.7 kwa 3.6, hapo hapo jiko, hapo hapo kulala na familia. Kisima na choo vya kuchangia, kama uwani kwenu. Maua yakawafuata huko huko. Mchuuzi wa miche alipita mitaani na mzega begani, vyungu vimepangwa mbele na nyuma, anaita. Mtu ananunua kimoja, anakiweka kwenye ukingo wa mlango. Akihama, anakibeba. Ndiyo maana nasema chungu ni cha mpangaji kuliko mtu yeyote: shamba la maua huwezi kuhama nalo, chungu unahama nacho hata kwenye bodaboda.

Na kuhusu kula, hakuna anayekukataza kuchanganya. Mwaka 2011, baada ya tetemeko na ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, umeme ulikuwa wa kubana. Watu wakatandaza nyavu mbele ya madirisha na kupandisha karela juu yake. Majani yakazuia jua, nyumba ikapoa, na karela zikaliwa. Wengine walipandisha asagao kwa kazi hiyo hiyo. Utaratibu huu ulikuwepo kabla, lakini mwaka ule ulienea kila mahali, shuleni, maofisini, kwenye maghorofa. Mpaka leo kila majira ya joto unaona yale mapazia ya kijani.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni chungu kimoja. Uwani wa wapangaji sita si tatizo, ndiyo hadhira yako hiyo.

---

BintPangani ameandika:

Asanteni kwa mada. Mimi nimekulia Muheza, na huku milimani Amani kuna ua dogo la zambarau linaota kwenye miamba yenye unyevu, kivulini. Wageni wanakuja kulipiga picha kuliko sisi wenyeji. Nasikia limeenea dunia nzima. Je Wajapani wanalijua?

---

MtaaWaIriya ameandika:

Wanalijua sana, dada. Wanaliita sentoporia, kutokana na jina Saintpaulia. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya huko Tanga wakati wa ukoloni, alilituma Ujerumani mwaka 1892, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye kundi la Streptocarpus, lakini wapenzi wake bado wanatumia jina la zamani.

Huku linalelewa ndani ya nyumba, juu ya rafu, chini ya taa. Linawafaa watu wa maghorofa wasio hata na kibaraza: halitaki jua kali, halitaki nafasi, na linachanua muda mrefu. Siku ya kwanza nilipoliona kwenye duka la maua nikasoma kibao kimeandikwa asili yake Afrika Mashariki, nilisimama pale muda mrefu. Huko Usambara misitu yake inazidi kupungua na baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka kabisa porini. Wewe uliye karibu na Amani una kitu ambacho mzee wa hapa mtaani kwangu analipia pesa kukiweka dirishani. Usiling'oe huko mwambani, tafadhali. Ukitaka la kwako, jani moja linatosha kutoa mche mpya.

---

Mwl_Kihonda ameandika:

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nimewahi kuona kwenye video watoto wa Kijapani wamebeba vyungu vya plastiki kutoka shule. Ndiyo haya?

---

MtaaWaIriya ameandika:

Ndiyo yenyewe, Mwalimu. Mwaka wa shule huku unaanza Aprili. Mwezi Mei watoto wa darasa la kwanza, karibu nchi nzima, wanapanda asagao. Kila mtoto na chungu chake cha plastiki chenye jina lake, na vijiti vya kupandishia. Kila asubuhi anamwagilia kabla ya kipindi. Ana karatasi ya kuchora anachokiona: leo limetoka jani, leo limefika urefu huu, leo ua la kwanza, rangi yake. Mwezi Julai shule zikikaribia kufunga, mzazi anakwenda kukichukua chungu au mtoto anakikokota mwenyewe mpaka nyumbani, na likizo yote ni jukumu lake. Mwisho wa msimu wanavuna mbegu, na shule nyingi zinawapa mbegu hizo wadogo watakaoingia darasa la kwanza mwakani.

Nadhani hapa ndipo panapozaliwa wale wazee wa vichochoroni. Ukimuuliza Mjapani yeyote ua lake la kwanza maishani, mara nyingi atakutajia asagao.

Kwenu unaweza kufanya hivyo na kunde au maboga ukapata somo lile lile bila hatari ya mbegu zenye sumu. Asagao kwa watoto lazima awepo mtu mzima wa kuhesabu mbegu.

---

MamaWawili ameandika:

Nina mzazi kitandani, kiharusi, mwaka wa pili sasa. Nimesoma uzi huu usiku nikiwa naye. Swali langu labda halihusiani sana. Je kuna faida yoyote kwa mgonjwa asiyeweza kushika jembe?

---

MtaaWaIriya ameandika:

Pole sana Mama, na hongera kwa kumuuguza mzazi. Linahusiana.

Dakika chache kutoka hapa Iriya, mtaa wa Negishi, kuna nyumba ndogo ya mbao ya mshairi Masaoka Shiki. Kifua kikuu kilimwingia hadi uti wa mgongo, akakaa miaka kitandani, maumivu makali, kugeuka ni shida. Chumba chake kilitazama kibustani kidogo. Humo palikuwa na asagao, maua mekundu ya jamii ya mchicha, na dodoki lililopandishwa juu ya kichanja mbele ya chumba. Dodoki lilipandwa kwa dawa: utomvu wa shina lake ulikusanywa kutuliza kikohozi na makohozi. Akiwa amelala pale aliandika na kuchora kile alichokiona kwa mlango ule, msimu hadi msimu. Alifariki Septemba 1902 akiwa na miaka 34, na beti zake tatu za mwisho, alizoziandika siku moja kabla, zote zimelitaja dodoki. Nyumba iliungua kwa mabomu mwaka 1945, ikajengwa upya, na kila majira ya joto wanapandisha dodoki pale pale.

Yeye hakushika jembe. Walioshika ni mama yake na dada yake, na yeye alikuwa na kitu cha kungoja kesho. Sidai kwamba ua linatibu. Ila kama dirisha la mzazi wako linafunguka, mpandishie kitu anachokijua, dodoki au karela, awe anakiona kinavyopanda. Mwulize alilelewa na mimea gani. Huenda akawa na mengi ya kukuelekeza.

---

MamaWawili ameandika:

Asante sana kaka. Dodoki kwetu lilikuwa juu ya choo cha nje, yeye ndiye aliyelipanda. Nitatafuta mbegu kesho.

---

Chekecha_Mbegu ameandika:

Mkuu tuelekeze sasa. Nina ndoo mbili za rangi, zimetobolewa. Niko Arusha. Naanzaje?

---

MtaaWaIriya ameandika:

Twende. Nitaeleza namna tunavyofanya huku, kisha nitasema kwako kitabadilika nini.

Mbegu ya asagao ina ganda gumu, maji hayapenyi kirahisi. Bibi jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita obaachan, anaishika mbegu kwa vidole viwili na kuisugua mgongo wake wa mviringo kwenye msasa, taratibu, hadi weupe uonekane kidogo. Ule upande wenye kitovu haugusi, ndiko mzizi utakakotokea. Kisha anailoweka usiku mmoja. Asubuhi iliyovimba inapandwa, isiyovimba inarudi kwenye msasa. Kina ni kifundo kimoja cha kidole, mgongo ukiangalia juu.

Udongo ndio nusu ya kazi. Huku tunatumia akadama, punje nyekundu za udongo wa volkano zinazopitisha maji vizuri, sehemu sita au saba, na mboji ya majani sehemu tatu au nne. Wewe uko Arusha, changarawe nyekundu ya volkano unaijua, iponde ndogo ndogo uchanganye na udongo wa juu na mboji iliyooza sawasawa. Usiweke samadi mbichi, itaunguza mizizi. Maji yakimwagwa juu yatokee chini ndani ya muda mfupi. Yakituama, ongeza changarawe.

Mche ukifikisha majani halisi saba au manane, kata ncha. Hapa watu wengi wanaona uchungu, wanauacha urefuke. Ukiikata, machipukizi ya pembeni yanatoka, na maua yanakuwa mengi na yanaanzia chini. Chomeka vijiti vitatu au vinne kuzunguka chungu, vifungie pete za waya, ya chini, ya kati na ya juu, halafu zungusha mitambaa humo. Zungusha kwa mwelekeo wake wenyewe: ukiangalia kutoka juu asagao hupanda kinyume cha mishale ya saa. Ukiilazimisha upande mwingine, kesho utaikuta imejifungua yenyewe.

Kumwagilia ni asubuhi mapema. Mwezi Agosti Tokyo inapopita nyuzi 35 tunamwagilia na jioni pia, lakini mchana wa jua hapana, maji yanapata moto ndani ya chungu. Mafundi wa bonsai, ile miti inayodumazwa ndani ya chungu, wanasema kumwagilia tu kunajifunzwa miaka mitatu. Ingiza kidole kwenye udongo kabla hujamimina, pakiwa na unyevu acha. Kisahani cha chini usikiache na maji, unafuga mbu. Na kila siku ondoa maua yaliyonyauka. Ukiyaacha yafunge mbegu mapema, mmea unahamishia nguvu huko na maua yanapungua. Mwishoni mwa msimu ndipo unaacha machache yakomae kwa ajili ya mbegu.

Sasa mabadiliko ya kwako. Asagao huhesabu urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu wa kutosha inaamua kuchanua. Huku inangoja hadi siku zianze kufupika baada ya Juni. Kwako usiku una urefu wa karibu masaa kumi na mawili mwaka mzima, kwa hiyo mche utawahi kuweka vichomozo vya maua ukiwa bado mfupi. Usishangae ukapata ua kwenye mche wa kimo cha kiganja. Ukitaka mmea mkubwa, upe chakula mapema, wiki za mwanzo, kabla haujaanza kuchanua.

---

KijanaWaLikoni ameandika:

Shukrani kwa nondo hizi. Swali dogo: kibaraza chetu kina taa ya usalama inawaka usiku kucha. Inaathiri?

---

MtaaWaIriya ameandika:

Inaathiri sana. Kwa mmea huo taa inaukata usiku. Huku asagao zilizo chini ya taa za barabarani zinajulikana kwa kurefuka na kujaa majani bila ua hata moja. Ficha chungu nyuma ya ukuta au kifunike na boksi jioni. Halafu kuna jambo la pili kuhusu giza: ua linafunguka takriban masaa kumi baada ya giza kuingia. Ndiyo maana kadiri usiku unavyorefuka kuelekea vuli, huku maua yanafunguka kungali na giza kabisa, mtu anayeamka na jua anayakuta tayari.

---

Mwl_Kihonda ameandika:

Umetaja kiazi kitamu mwanzoni. Huo undugu una matumizi yoyote au ni habari ya vitabuni tu?

---

MtaaWaIriya ameandika:

Una matumizi makubwa, Mwalimu. Japani kiazi kitamu hakichanui kirahisi kwa sababu ya hali ya hewa, na bila ua mtafiti hawezi kuchavusha aina mbili apate mpya. Kwa hiyo wanapandikiza kikonyo cha kiazi juu ya shina la asagao. Kile kikonyo kinachanua, wanachavusha, wanapata mbegu. Aina nyingi za viazi vitamu zinazoliwa huku zimepita katika njia hiyo. FundiBomba aliyesema ua haliliwi, ndugu yangu, hilo nalo lihesabu.

---

BintPangani ameandika:

Na bonsai je? Wengi tunadhani niwaijiri ndiyo bonsai.

---

MtaaWaIriya ameandika:

Ziko karibu lakini bonsai ni safari ya miaka na ina walimu wake. Ukija Japani nenda Omiya, kaskazini mwa Tokyo. Baada ya tetemeko kubwa la 1923 mabwana miche wa bonsai waliotoka Tokyo walihamia huko wakitafuta hewa safi, maji na nafasi, na mwaka 1925 kijiji kikaundwa. Walijiwekea masharti: mkazi awe na miti isiyopungua kumi, nyumba isiwe ya ghorofa, uzio uwe wa miti hai, na mlango uwe wazi kwa yeyote anayetaka kuja kutazama. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa. Tangu 2010 pana pia makumbusho ya bonsai hapo hapo.

Kwa asagao, njoo Julai. Tarehe 6, 7 na 8 mtaa wa Iriya unafungwa, na kuzunguka hekalu la Kishimojin wanapanga vibanda barabara nzima. Soko hili lilififia mji ulipokula vitalu, likasimama mwaka 1913, na likafufuliwa 1948, vita ikiwa imeuacha mji huu majivu. Fika saa kumi na moja alfajiri maua yakiwa yamefunguka. Chungu kimoja mara nyingi kina mimea ya rangi nne pamoja. Usichague chenye maua mengi yaliyofunguka, chagua chenye vichomozo vingi vilivyojisokota, hivyo ndivyo vya kesho na keshokutwa. Na kama unataka kuona vile vioja vya zamani, Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Japani kule Sakura, mkoa wa Chiba, huvionyesha kila majira ya joto kwenye bustani yake ya mimea.

---

Chekecha_Mbegu ameandika:

Mbegu tutazipataje? Unaweza kututumia?

---

MtaaWaIriya ameandika:

Sitatuma kwa barua na nawaomba msimwambie mtu azibebe kwenye begi. Mbegu za kuvuka mpaka zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na kwa asagao kuna sababu ya ziada: ikijimwagia mbegu shambani inageuka gugu linalonyonga mazao. Waulize wauza miche na maduka ya mbegu za maua hapo hapo mlipo, aina za jamii hii hupatikana. Ukipata, panda kwenye chungu tu, vuna mbegu zote kabla vifuko havijapasuka, na vifuko vikiwa vya kahawia viweke kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa rangi ya ua na mwezi. Weka juu ya kabati, watoto wasifikie.

Chekecha, ukianza na zile ndoo za rangi hakikisha umezisugua rangi yote itoke, na matundu yawe ya upana wa kidole kidogo. Ukifika hatua ya kukata ncha niandikie hapa hapa, uweke na picha.